Njia ya Ng'ombe na Njia ya Mbio

Kuna mahali Buger, wilayani Karatu, upande wa kuelekea msitu wa Marang, ambapo njia inagawanyika. Ya kulia ni nyembamba, imefunikwa na majani yenye umande, inashuka taratibu kuelekea mashambani. Ya kushoto ni pana, imekanyagwa mpaka udongo wake mwekundu umelainika kama unga. Asubuhi niliyopita hapo nilichukua ya kushoto kwa sababu mbili: ilikuwa pana, na mwenzangu aliyetangulia alikuwa ameichukua. Tulikwenda kama dakika kumi bila kuona utepe hata mmoja wa kuonyesha njia ya mbio, kila mtu akinyamaza akidhani mwenzake anajua. Ndipo tukasikia mbinja. Kijana wa miaka kama kumi na miwili alikuwa amesimama ng'ambo ya korongo na ng'ombe wake, fimbo mabegani.

"Kaka, mnaenda wapi? Huko ni msituni!"

Tukamwambia tunafuata njia ya mbio. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya ng'ombe. Na alfajiri tembo wamepita hapo hapo."

Nikatazama chini. Hatua nne mbele yangu kulikuwa na kinyesi cha tembo, bonge zima la majani yaliyosagika, na mvuke wake bado ulikuwa ukipanda katika baridi ya asubuhi.

Hatukuumia. Tuligeuka, tukarudi hadi njia panda, tukaendelea. Lakini tangu siku ile, mtu anayejiandaa kwa mbio za porini akiniuliza ahofie nini zaidi, huwa namtajia njia panda kabla ya tembo. Ajali nyingi za porini huanzia hapo: mtu amechoka, yuko peke yake, amekwenda asikopaswa kwenda, na hakuna ajuaye kwamba amekwenda. Tembo, baridi, kifundo kilichoteguka, vyote hivyo huja baadaye, na vikija vinamkuta hana wa kumwita.

Huku ni nchi ya wakimbiaji. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ni mzaliwa wa Karatu, na tamasha la michezo linalofanyika Karatu kila Desemba limetokana na jitihada zake. Zipo pia mbio za barabarani zinazoanzia lango la Ngorongoro na kuteremka hadi Karatu mjini. Barabarani mkimbiaji hulindwa na mambo asiyoyafikiria: lami haina njia panda za kudanganya, gari la wagonjwa linakufikia popote, na ukidondoka wa nyuma yako atakukuta baada ya dakika moja. Ukiiacha lami na kuingia kwenye njia za miguu, ulinzi huo wote unabaki nyuma. Inabidi uutengeneze upya, na sehemu kubwa inatengenezwa kabla siku ya mbio haijafika.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada, waulize waandaaji maswali, wala usione aibu. Nani anahesabu watu? Wakimbiaji wakianza 140, nani atajua kwamba waliofika ni 139? Nani anatembea nyuma ya wote akifagia njia, kuhakikisha hakuna aliyebaki? Njia inafungwa saa ngapi? Gari linaweza kufika kilomita ipi, na zaidi ya hapo majeruhi anabebwa na nani? Wenyeviti wa vitongoji na askari wa hifadhi wameambiwa? Mwandaaji makini atakujibu papo hapo, tena atafurahi umeuliza. Akikuambia usiwe na wasiwasi bila kukueleza chochote, mimi nakushauri ubaki na hela yako.

Swali la askari si la mapambo. Msitu wa Marang sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, na hifadhini huingii kwa miguu bila kibali. Vivyo hivyo ndani ya eneo la Ngorongoro, anayetembea kwa miguu hufuatana na askari. Kule Lewa, kaskazini mwa Kenya, mbio zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 2000 katikati ya ardhi ya vifaru na tembo, na siku ya mbio askari wenye silaha hupangwa kandokando ya njia huku helikopta zikizunguka juu kuangalia wanyama walipo. Si kila mbio itakuwa na helikopta. Lakini kila mbio inayopita kando ya msitu inaweza kuwa na watu wawili wanaoujua, wanaotangulia alfajiri kusoma nyayo kabla wakimbiaji hawajaachiwa.

Nasema alfajiri kwa sababu. Mahindi yanapokomaa, tembo hutoka msituni usiku, hula mashambani, kisha hurudi kunapopambazuka. Saa ya hatari kwa mkimbiaji ni ileile anayoipenda, saa kumi na mbili kasoro, hewa ikiwa safi na jua halijachomoza. Usitembee peke yako gizani kwenda mahali pa kuanzia eti ni kilomita moja tu. Panda bodaboda, au nenda na kundi lenye tochi. Na mbio zikicheleweshwa nusu saa ili kuwe kweupe, usilalamike.

Ukikutana na tembo hata hivyo, simama. Usimpigie kelele, usitoe simu umpige picha. Rudi kinyumenyume polepole huku ukimwangalia, umwachie nafasi kubwa, kisha subiri. Akiwa juu ya njia, njia ni yake mpaka atakapoondoka, na dakika utakazopoteza hazina thamani yoyote mbele ya uhai wako. Nyati dume aliyejitenga na kundi mwogope zaidi, maana hujilaza vichakani na humwoni mpaka umemfikia. Ndiyo maana naomba vile visikilizi vya masikioni vibaki nyumbani. Porini sikio linakuarifu kabla ya jicho: tawi linalovunjika, ndege wanaoruka ghafla, mbinja ya mchungaji. Ningekuwa na muziki masikioni siku ile, nisingemsikia yule kijana.

Nirudi kwenye njia panda. Waandaaji hufunga utepe mitini, na utepe una maadui wengi. Mbuzi huutafuna. Watoto huufungua wakafungie mpira wa makaratasi. Upepo huuzungusha ukajificha nyuma ya shina. Kwa hiyo usiyakabidhi maisha yako kwa utepe peke yake. Jioni ya kabla ya mbio, kaa na ramani ya njia, uipakue kwenye simu ifunguke hata pasipo mtandao, kisha andika kwenye karatasi majina ya sehemu utakazopitia kwa mpangilio: shule, josho, kanisa, kisima, kitongoji. Majina hayo ndiyo utakayoyataja ukipiga simu kuomba msaada. Ukisema "niko porini, kuna mti mkubwa", hakuna atakayekupata. Ukisema "nimepita josho kama nusu kilomita, nilikuwa nashuka korongoni", kijana wa bodaboda wa pale atakufikia bila kuuliza mara ya pili.

Kanuni yangu ya utepe ni fupi. Dakika tano zikipita sijaona alama, nasimama. Sisogei mbele "nione kidogo". Narudi kwa njia niliyojia mpaka alama ya mwisho niliyoiona kwa macho yangu, na kama siioni, nakaa hapo na kupiga filimbi. Usikate kona kupitia vichaka ukidhani utaikuta njia upande wa pili. Makorongo ya Karatu yamechimbwa na maji ya mvua kwa miaka mingi, mengine yana kuta zilizosimama kuliko urefu wa mtu, na nyasi zimeinama mdomoni zikaficha shimo. Wala usiufuate mgongo wa aliye mbele bila kutazama mwenyewe. Mwenzangu siku ile alikuwa na kasi kuliko mimi, nikachukulia kwamba anayeenda mbio anajua anakokwenda.

Filimbi inagharimu kiasi gani? Karibu bure. Ifunge shingoni au kwenye mkanda wa begi, isiwe ndani ya begi. Sauti ya mtu aliyeumia huchoka baada ya nusu saa, filimbi haichoki. Pamoja nayo beba simu yenye chaji kamili ndani ya mfuko wa plastiki, jaketi jepesi lisilopitisha mvua, maji, bendeji ndefu, noti chache za nauli, na tochi ya kichwani ikiwa kuna uwezekano wowote wa giza kukukuta. Nyuma ya namba yako ya kifua andika jina lako, namba ya simu ya ndugu, na ugonjwa ulio nao: pumu, kifafa, sukari, presha. Kuna watu huona haya kuandika. Muuguzi atakayekukuta umezimia hataona haya kusoma, na ataokoa muda. Namba ya dharura ya 112 iwe kichwani, ingawa mabonde mengine hayana mtandao na inabidi upande kilima kwanza.

Kuhusu jaketi nataka nikae kidogo, kwa sababu mtu wa Dar es Salaam au Tanga hawazi baridi. Karatu mjini ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa bonde la Ngorongoro unazidi mita 2,200. Juni na Julai ukungu hulala juu ya nyanda hizo mpaka saa nne asubuhi. Mtu aliyelowa jasho, akanyeshewa, akapigwa na upepo, kisha akasimama kwa sababu misuli imekaza, hupoteza joto haraka kuliko anavyotambua. Tarehe 22 Mei 2021, katika mkoa wa Gansu nchini China, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani. Mchana hali ya hewa iligeuka ghafla: mvua ya baridi, mawe ya barafu, upepo wa nguvu. Wengi walikuwa wamevaa kaptura na fulana nyepesi. Watu 21 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo wakimbiaji hodari kabisa wa nchi hiyo, kwa sababu wao ndio waliokuwa mbele, juu zaidi mlimani.

Siku ileile mchungaji mmoja, Zhu Keming, alikuwa amejificha mvua ndani ya pango alimokuwa ameweka nguo na akiba yake. Aliwaona wakimbiaji wakiyumba nje. Akawaingiza, akawasha moto, akawafunika. Sita walipona kwa mkono wake. Kila nikisoma habari hiyo namkumbuka kijana wangu wa Buger. Mchungaji ndiye mtu pekee aliyepo porini kila siku, anayejua pango liko wapi, maji yako wapi na mnyama amelala wapi. Usimpite kama mti. Msalimie. Kwa Wairaqw wa huku "Saita" inatosha, na utajibiwa "Saita". Anayekusalimia amekuona, na aliyekuona ataweza kusema umepita wapi na saa ngapi.

Ukikuta ng'ombe wamejaa njiani, acha kukimbia. Tembea, mwombe mwenye mifugo akupishe, na usipite katikati ya ndama na mama yake. Mbwa wa wachungaji akikujia, simama wima, usimpe mgongo, mchungaji atamwita. Akikuuma, hata kama ni mkwaruzo, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali kuomba chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemea. Nyoka akikuuma, usikimbie, usichanje, usifunge kamba ya kukaza. Kaa, mguu utulie kabisa, ubebwe. Kifutu hujikunja kwenye majani makavu pembeni mwa njia na hasogei ukija, kwa hiyo usiruke gogo bila kuona unakotua. Panda juu yake kwanza, tazama, kisha shuka.

Mvua ni habari nyingine. Udongo mwekundu wa huku ukilowa huteleza kama sabuni, halafu hung'ang'ania soli mpaka kila kiatu kimekuwa na uzito wa tofali. Viatu vya lami vyenye soli laini havifai. Tafuta vyenye meno, na vikishaganda tope simama uyabandue kwa kijiti. Kwenye mteremko fupisha hatua, inama mbele kidogo, mikono iwe wazi. Watu wengi huumia wakishuka, tena kilomita za mwisho, mapaja yakiwa yameisha. Kutembea mteremko mkali si aibu.

Korongo lililokuwa kavu ulipolivuka asubuhi linaweza kujaa mchana ilhali juu yako kuna jua, kwa sababu mvua imenyesha huko juu lilikoanzia. Maji mekundu yanayokwenda kasi yakifika magotini, usiyaingie. Subiri, maji ya namna hiyo hupanda haraka na hushuka haraka. Majirani zetu wa Hanang wanajua mlima unaweza kufanya nini: Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mawingu meusi yakijikusanya na radi ikasikika, shuka kutoka mgongo wa kilima, ondoka chini ya mti uliosimama peke yake, tafuta nyumba.

Juu ya maji ya kunywa, nasahihisha jambo moja ambalo makocha wetu wengi bado wanalisema, kwamba unywe kila kituo hata kama huna kiu. Kunywa kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na chumvi ikishuka sana ubongo huvimba. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio, wakakuta asilimia 13 wana chumvi iliyoshuka, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mpaka uzito wao ukaongezeka. Kunywa kwa kiu. Kula kitu chenye chumvi, viazi vya kuchemsha au karanga. Na wewe unayetoka pwani, jua kwamba hewa ya Karatu ni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Moyo utadunda kuliko ulivyozoea. Fika siku mbili tatu mapema ukiweza, na anza taratibu kuliko unavyotaka.

Jua likimshinda mwenzako, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba kama mlevi, usimkimbize garini kwanza. Mlaze kivulini, mvue fulana, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Kifundo kikiteguka, jaribu hatua nne. Ukishindwa kuzimaliza, mguu huo unahitaji picha hospitalini, na mbio zako zimeishia hapo.

Hapo ndipo ninapopata upinzani. Tumelelewa na habari ya John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho giza likiwa limeingia. Namheshimu mzee yule kwa moyo wangu wote. Lakini Akhwari alikuwa kwenye barabara za mji, watu wa huduma wakimwona, goti lake likiwa limeshaangaliwa. Wewe uko kwenye njia ya mbuzi, kilomita tisa kutoka gari la karibu, na kila hatua unayolazimisha inakupeleka mbali na msaada. Kuacha mbio mahali pa salama, ungali na nguvu ya kutembea mwenyewe, ni uamuzi wa mkimbiaji mzoefu.

Ila ukiacha, sema umeacha. Hili naliandika nikiwa na uchungu, maana nimewahi kuwa kwenye kundi la watafutaji. Mkimbiaji mmoja hakufika. Jioni iliingia, tukatawanyika na tochi pamoja na wanakijiji, akina mama wakisimama mlangoni na kutuuliza kama tumempata, vijana wakiingia makorongoni ambamo wasingeingia usiku kwa sababu yao wenyewe. Saa tatu usiku simu ikaja: alikuwa amechoka tangu saa tano asubuhi, akapanda bodaboda, akaenda zake gesti, akalala. Hakukusudia ubaya, hakujua tu kwamba kuna mtu anamhesabu. Nenda kituo cha karibu, toa namba yako, angalia wakiikata kwenye orodha. Usipokuta kituo, piga simu.

Dada zangu wakimbiaji wameniomba niongeze neno, na wana haki: kimbieni wawili wawili, mazoezini hasa, na msitangaze njia na saa zenu mtandaoni kabla ya kutoka. Mwambieni mtu mmoja mnayemwamini, pamoja na saa mtakayorudi, na mkubaliane kabisa afanye nini saa hiyo ikipita.

Na ukishafika mwisho, medali shingoni, badili fulana iliyolowa kwanza, kisha usiende kwenye chai bila kuangalia nyuma. Ulianza na nani? Yuko wapi? Kama muda wake umepita kwa nusu saa na hujamwona, usingoje waandaaji wagundue wenyewe. Nenda kwenye meza yao, uwape namba yake ya kifua, rangi ya fulana yake, na jina la mahali ulipomwona mara ya mwisho.